Nilisema Nimefika Mudende

Nianze na lenyewe kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi najitetea: nilidanganya. Niliulizwa swali dogo kwenye kikao, nikajibu uongo, na mtoto wa watu hakuzaliwa akiwa hai.

Jina langu sitaji. Majina mengine humu nimeyabadilisha. Mji ni Gisenyi, huo siufichi. Ninakuandikia nikiwa mtaa wa Mbugangari, nyuma ya duka la vitambaa la shemeji yangu, ambako siku hizi kazi yangu ni kupima vitenge na kuvikunja.

Zamani nilikuwa kiongozi. Kiongozi! Ungefungua tovuti ya kampuni yetu wakati ule, ukabonyeza palipoandikwa "Timu ya Uongozi", ungeniona: suti ya bluu, mikono nimeikunja kifuani, ziwa liko nyuma yangu. Nikikumbuka ile picha sisikii hasira wala aibu. Naiona tu, kama unavyoona picha ya mtu kwenye tangazo la rangi za nyumba.

Tulikuwa watatu. Mkurugenzi mkuu nitamuita Alain. Wazazi wake walikimbilia Uganda, akakulia Kampala, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini Kiingereza, wacha! Akisimama kuongea na wageni, hata mimi niliyejua kwamba friji ya maabara yetu ni mkweche nilikuwa naamini tumebakiza kidogo tuokoe dunia.

Mkuu wa maabara nitamuita Espérance. Huyu ni mama wa Goma, alikuwa anavuka mpaka kila asubuhi na kurudi jioni kwa watoto wake. Haongei sana. Akisema "bon", ujue ameshafikiri.

Na mimi, mzaliwa wa Karagwe kule Tanzania, niliyerudi huku kwetu na wazazi nikiwa kijana. Miaka mingi nilikuwa nasambaza dawa, kwa hiyo najua kila zahanati ya wilaya na kila njia inayoifikia. Wakanipa cheo: mkuu wa huduma za nje. Maana yake ni kwamba yanayotokea nje ya ofisi, wenzangu waliyajua kupitia mdomo wangu.

Kampuni yetu ilitengeneza kipimo cha wajawazito. Kuna karatasi nyembamba unaichovya kwenye mkojo, unaipachika ndani ya kijisanduku cha plastiki, unasubiri, taa inawaka. Kijani, nenda nyumbani. Nyekundu, shuka hospitali sasa hivi. Tulikuwa tunatafuta dalili za kifafa cha mimba, ule ugonjwa ambao mama anavimba miguu, presha inapanda, kichwa kinauma, halafu ghafla anaanguka na kutetemeka. Ukiuwahi, mama anapona na mtoto pia.

Kilikuwa kipimo kizuri. Hilo nalisema hata leo. Hapa mjini, kwenye joto la ziwa, kilifanya kazi.

Siku moja Espérance aliingia kwenye kikao akiwa na koti la maabara, akasimama bila kuvuta kiti.

"Nilifanya test mu frigo," akasema. "Karatasi inachelewa kubadilisha rangi. Mashini inasoma mbele, karatasi haijamaliza kazi yake. Inasema vert, kijani, na mkojo ule mi mwenyewe niliutengeneza uwe rouge, nyekundu."

Alain akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Lakini madamu, nani anapimwa ndani ya friji?"

"Ulishafika Mudende asubuhi?"

Alain hakuwa amefika Mudende asubuhi wala jioni. Mimi nilikuwa nimefika mara nyingi. Kule ni juu, chini ya mlima, watu wanalima viazi wamejifunga mablanketi. Zahanati yao ilikuwa imepokea vipimo vyetu, na kijisanduku chetu ndicho kilichokuwa kinaamua mama gani ashuke hospitali na yupi abaki.

Tukakubaliana hivi: Ijumaa alfajiri nipande Mudende na vichupa alivyotengeneza Espérance, vyenye jibu la nyekundu. Nipime palepale zahanati, baridi ikiwa bado kali. Ikiwaka kijani, tunasimamisha kila kitu na kukusanya vipimo vyote vya kule juu. Ikiwaka nyekundu, tunaendelea. Jumatatu tunakaa na kuamua.

Ndugu yangu unayesoma, sikiliza sasa upumbavu wa mtu mzima!

Ijumaa hiyohiyo mchana alikuwa anakuja mpiga picha kutoka Kigali kupiga picha za viongozi. Suti nilikuwa nimeshonesha kwa fundi wa hapahapa Mbugangari, nimeijaribu mbele ya kioo mpaka mke wangu Zaina akasema, "Baba, sasa inatosha, utaichakaza." Alfajiri ikaamka na mvua. Na njia ya Mudende ikinyesha ni tope jeusi la volkano, linaingia mpaka masikioni.

Nilitoka nyumbani. Nataka ujue nilitoka. Nilifika njia panda ya kupandia, nikasimamisha gari, nikautazama mlima. Haukuonekana, wingu tupu. Nikawaza tope, nikawaza gari kukwama, nikawaza picha bila mimi. Nikawaza: friji ni friji, Alain yuko sahihi.

Nikageuza gari. Vile vichupa nilivimwaga kwenye mtaro. Halafu nikaenda kunyoa.

Mchana tulipiga picha ufukweni, mvua ilikuwa imekatika. Espérance alikuja na koti lake jeupe, akanisogelea wakati mpiga picha anampanga Alain.

"Ulifika?"

"Tutaongea Jumatatu," nikamwambia. "Simama vizuri, anatupiga."

Jumatatu tukakaa. Alain akaniuliza, "Ulifika Mudende?"

Nikasema, "Nimefika."

Ningeishia hapo labda uongo ungebaki mdogo. Lakini Espérance alitaka kujua kama ilikuwa asubuhi kweli, baridi ikiwepo. Mimi nikaupamba! Nikasema nilifika mapema mpaka pumzi ilikuwa inatoka mdomoni kama moshi, nesi mwenyewe anatetemeka, nikapima, taa ikawaka nyekundu. Nikasema nikapima tena, nyekundu tena. Niliyasema bila kupepesa, na nilipokuwa nayasema nilikuwa karibu kuyaamini.

Espérance aliangalia mikono yake. Kisha akaniangalia mimi.

"Bon. Basi ni mi nilikosea. Frigo yetu ni ya zamani, pengine inagandisha. Unisamehe, ndugu. Nilikupandisha mu mvua juu ya bure."

Aliniomba samahani. Mimi. Na Alain yupo pale anasikia. Nami nikamjibu, "Usijali, madamu, ni kazi."

Wiki zikapita. Nilisahau. Nasema kweli, nilisahau kabisa, nikawa nalala vizuri.

Kisha nikapanda Mudende kupeleka karatasi mpya za kupimia. Asubuhi yenye jua, lakini baridi ya kule huijui mpaka ikushike vidole. Kwenye benchi la nje alikaa mama mwenye mimba kubwa, amejitanda kitenge, viganja viko kwenye paji la uso. Miguu yake ilikuwa imevimba, kandambili zimembana.

Nesi akanikaribisha kwa furaha. "Umekuja wakati mzuri. Huyu mama nampima. Presha imepanda kidogo, nataka nione kama ashuke."

Akapachika karatasi. Tukasubiri pamoja. Ikawaka kijani.

"Na juzi ilikuwa kijani," nesi akasema. Akamgeukia yule mama. "Unaona? Huna shida. Ni uchovu."

Yule mama akajibu taratibu kwa Kinyarwanda kwamba kichwa kinampasuka. Nesi akamwonyesha taa.

Mimi niliiona ile taa kwa macho yangu. Nikajua. Sikuhitaji maabara wala Espérance, nilijua palepale. Nikataka kusema. Nikaanza kutafuta namna ya kusema bila kusema, namna ambayo hakuna atakayeuliza, kwani si ulisema umeshapima? Nilikuwa bado natafuta maneno alipoanguka.

Yebaba we! Alianguka kutoka kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa, akaanza kutetemeka, povu, macho juu. Nesi alikimbia, akamdunga sindano, akapiga kelele niwashe gari. Mtu akaenda kumuita mume shambani. Alikuja mbio na viatu vya mpira vimejaa udongo, nikamsaidia kumpakia mkewe, akaketi nyuma na kichwa cha mkewe mapajani.

Huyo mume nitamuita Papa Kelia, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alikuwa anavusha viazi Goma miaka mingi, Kiswahili chake ni cha huko. Njia nzima alikuwa anamuita mkewe, "Mama Kelia, Mama Kelia we." Akichoka kumuita, ananiambia mimi: "Endesha, ndugu yangu. Mungu akubariki. Endesha."

Nikaendesha. Sikusema kitu.

Mama Kelia alipona. Mtoto alitolewa akiwa amekufa. Wa kiume.

Nilitoka nje ya geti la hospitali, nikanunua sambusa, nikala. Ndiyo nilichofanya. Sikulia. Nilisubiri nilie, sikulia, nikanunua nyingine. Mwili wangu ulikuwa pale, ukitafuna, na mimi sijui nilikuwa wapi. Mpaka leo sijarudi vizuri.

Mama Kelia alipotoka hospitali, Papa Kelia akaja ofisini kwetu. Nilimuona kupitia dirishani anashusha gunia kwenye baiskeli. Nikajua amekuja kunimaliza.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"We ndio uliokoa mama ya Kelia. Bila voiture yako leo ningekuwa mufumbiwa. Mi sina kitu, ndugu. Iko viazi tu."

Voiture ni gari; mufumbiwa, kwa maneno yao, ni mtu aliyefiwa na mkewe. Nilikuwa na nafasi. Mlango umefungwa, tuko wawili. Ningemwambia. Nikasema, "Asante sana, mzee. Mungu ndiye aliyefanya."

Mungu! Nilimtaja na Mungu humo.

Alain akatoka chumbani kwake, akasikia habari, akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Alain si mtu mbaya. Akasema lazima tupige picha. Tukasimama, Papa Kelia huku, mimi huku, gunia katikati. Picha ikaenda kwenye tovuti, na maneno chini yake kwamba viongozi wetu wako karibu na wananchi.

Viazi nikavipeleka nyumbani. Zaina akapika. "Hivi vya juu ni vitamu," akasema. Watoto wakaomba tena. Nilikula.

Ile picha ndiyo iliyomfanya Espérance aje mezani kwangu.

"Huyu mama, nesi alimupima?"

"Alimpima."

"Iliwaka rangi gani?"

Ningeweza kudanganya tena. Sijui kwa nini sikudanganya. Labda nilichoka tu. "Kijani," nikasema.

"Asubuhi? Kule juu?"

"Ndiyo."

Akavuta kiti, akaketi.

"Ile vendredi, Ijumaa ya mvua. Ulifika?"

"Sikufika."

Hakupiga kelele. Mimi nilitaka apige kelele. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama anajikumbusha, "Mi nilikuomba pardon. Mbele ya Alain, nilikuomba pardon."

Tukaingia kwa Alain, nikarudia. Alain akafunga mlango, akaanza kuongea haraka. Tukisema, kampuni inakufa. Ikifa kampuni, wale akina mama wa huku mjini ambao kipimo kinawasaidia kweli, watasaidiwa na nani? Tukusanye vipimo vya kule juu polepole, tuseme karatasi zilikuwa mbovu, turekebishe, turudi. Yule mtoto hatarudi hata tukisema. Hivyo ndivyo alivyosema, na uso wake ulikuwa umevunjika, haikuwa rahisi kwake.

Espérance akasema, "Leo hii. Tunaambia wakubwa wa afya leo hii, mama mwingine asipimwe."

Wote wawili wakanigeukia. Tulikuwa watatu, na mmoja ndiye anayeamua.

Nikasema, "Nipeni muda nifikirie."

Muda! Espérance alitoa simu yake akapiga palepale, amesimama, bila kunitazama.

Vipimo vilikusanywa. Wakaguzi wakaja, wakauliza nani aliyethibitisha kwamba kipimo kinafaa sehemu za baridi. Nilifungua mdomo. Espérance akajibu kabla yangu: "Mi ndio mukuu wa labo. Nilipashwa kwenda mimi mwenyewe kuona. Sikwenda." Alain akainamisha kichwa. Mimi nikafunga mdomo, nikaacha jibu lake libaki kuwa jibu letu sote.

Yeye ndiye aliyeandikwa kuwa alizembea. Akarudi Goma bila kazi. Kampuni ikafa taratibu baada ya hapo, Alain akahamia Kigali. Zahanati ya Mudende iliambiwa kwamba vipimo vimerudishwa kwa marekebisho. Marekebisho! Hakuna aliyepanda kuwaeleza Papa Kelia na mkewe.

Nyumbani nilimweleza Zaina. Alikuwa anachagua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na vile viazi, ulinipa nipike na unajua?"

"Ndiyo."

"Na watoto wakala."

Tangu siku ile ananiambia ya nyumbani tu. Gesi imeisha. Mtoto ana homa. Futari iko tayari. Hajaondoka, hajanitukana. Ndugu zake walinipa kazi dukani kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Nami naamka, naswali, nafungua duka, nakunja vitenge. Mteja akitania nacheka, na kile kicheko nakisikia kama cha mtu wa chumba cha jirani.

Espérance nilimpigia mara nyingi. Hapokei. Nikamtumia ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, maneno matamu, hata mimi niliyapenda. Akajibu mara moja tu:

"Umeambia yule mama?"

Nilikaa na yale maneno muda mrefu sana. Kila nikitaka kupanda napata sababu. Papa Kelia alikuwa bado ananipigia kunisalimia. Siku ya Idi alinipigia. Alinitakia heri, akaniambia Mama Kelia anaendelea "polepole tu, ndugu, polepole". Sikuuliza polepole maana yake nini.

Juzijuzi nikapanda. Niliacha gari barabarani, nikaingia kwa miguu. Walikuwa wanavuna. Papa Kelia aliponiona akatupa jembe, akaita kwa furaha, "Mama Kelia! Leta kiti! Ni yule ndugu yetu wa voiture!"

Mama Kelia alitoka ndani. Alikuwa amekonda. Aliketi peke yake pembeni, anachambua viazi vidogo, na niliona kwamba wanawake wengine wa pale hawamsemeshi.

Sikukaa kwenye kiti. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Kwamba mashine yetu ilikuwa haioni kwenye baridi. Kwamba nilitumwa kuijaribu na sikuja, niliogopa tope lisiharibu suti. Kwamba nilisema nimefika. Kwamba niliiona taa ya kijani siku ile na nikanyamaza.

Papa Kelia hakuelewa mara moja. "Sema tena. Polepole."

Nikasema tena.

"Siku nilileta viazi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikula."

"Nilikula."

Alinigeuzia mgongo. Alitembea mpaka mwisho wa shamba, akachuchumaa huko, akawa anaangalia chini. Nikafikiri ndiyo mwisho, niondoke. Ndipo Mama Kelia akaongea.

"Kumbe kichwa kilikuwa kinaniuma kweli."

Nikamgeukia. Kiazi kilikuwa mkononi mwake.

"Kilikuwa kinakuuma kweli, mama."

"Mi nilisema. Nilimuambia muforomo, ule nesi, kichwa iko napasuka. Akaniambia mashini imekataa. Nikasema basi, pengine ni uvivu wangu. Nikarudi kulima." Akaweka kiazi chini. "Toka siku ile, hata nikisikia njaa, naanza kujiuliza kama ni njaa kweli."

Kisha akanieleza ambalo sikuwahi hata kuliwaza. Kabla ya mimba kuwa kubwa alikuwa anavusha karoti na kabichi Goma, mzigo kichwani kama wenzake. Mtoto alipokufa, mama mkwe akasema ni mizigo ile. Ni tamaa ya pesa, ameua mjukuu. Mawifi wakasema. Majirani wakasema. Hata wanawake aliovuka nao mpaka wakasema. Muda wote ule mimi nakunja vitenge na kujihurumia, kumbe uongo wangu yeye ndiye aliyekuwa anaulipia hapa, kila siku, mbele ya kila mtu! Na mumewe, aliyempenda, hakuwa na jibu la kuwapa, kwa sababu jibu nilikuwa nalo mimi.

"Ngoja hapa," akasema.

Akaingia nyumba ya pili, akarudi na bibi kizee amemshika mkono. Mama mkwe.

"Muambie huyu. Kwa Kinyarwanda."

Nikamwambia. Bibi alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza hakunitazama mimi, alimtazama mkwewe. Aliketi chini palepale kwenye udongo, karibu naye, akaanza kuchambua viazi.

Mama Kelia hakuwa amemaliza. Akawaita mawifi. "Muambie na hawa." Nikasema. Akanipeleka kwenye bomba la maji ambako majirani walikuwa wamepanga madumu. "Muambie na hawa." Nikasema, suti ile, tope lile, taa ile. Mmoja alipiga yowe, mwingine akanitemea mate karibu na kiatu. Sauti yangu ilianza kukwama. Sikuwa nalia, ilikuwa inaisha tu, kama mtu aliyeuza sokoni kutwa. Kila nikisema, Mama Kelia alisimama kando yangu wima zaidi.

Jua lilikuwa bado juu tulipofika barabarani. Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimekuja nao, nimeuandaa, lakini niliona ningekuwa namwongezea mzigo wa kunijibu.

Akaniambia, "Kule soko pale Goma, wale wamama wa karoti. Nao walisema ni mi niliua."

"Nitakwenda."

"Usiseme tu."

Nikavuka kesho yake. Nikawatafuta, nikasimama mbele ya karoti zao, nikasema. Wengine waliendelea kuuza. Mmoja aliyemfahamu vizuri alifunika uso kwa kitenge. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Zaina nilikotoka. Akaniwekea chakula, akakaa kwenye kiti cha pili mpaka nilipomaliza kula. Hakusema kitu. Ila alikaa.

Sasa nakuambia wewe, kwa kuwa nimeona kusema kwangu kuna kazi kunayoifanya hata kama mimi mwenyewe hakunisaidii. Espérance hakuzembea. Mama Kelia hakumuua mtoto wake. Aliyezembea ni mimi, na ninayeandika haya ni mimi.

Wewe uliye na cheo, picha yako iko ukutani na watu wanaamua kwa neno lako: ukiulizwa kama umefika mahali na hukufika, sema hukufika. Utaaibika dakika hiyo, mwenzio atakasirika, atakutuma tena, utapanda na tope lako. Yataisha. Na kama umeshadanganya, usikae ukisubiri moyo ulainike ndipo useme. Wangu haujalainika hata leo. Panda hivyohivyo ulivyo, baridi ndani, ukaseme, kwa sababu huko juu kuna mtu anayebeba lawama yako na hajui ni ya nani.